Kifungua Mimba na Kitinda Mimba

Hakuna mtu asiyejua tabia ya kifungua mimba. Ukiuliza kijijini utaambiwa kwamba yeye ni mtu wa amri, ni mwepesi wa kuwakosoa wengine, hapendi kuchelewa, na hata akiwa na miaka tisa hukohoa kizee kabla hajasema neno. Ukiuliza habari za kitinda mimba, au mziwanda kama wasemavyo watu wa pwani, utaambiwa kwamba amedekezwa, analia kwa jambo dogo, ana maneno matamu, na kipande cha nyama kinachobaki sufuriani ni chake. Wa katikati hana sifa nyingi. Watu humfikiri kidogo, kisha husema, "Huyo ni mtu wa amani."

Nilipokuwa bwenini katika shule yetu hii mazungumzo ya namna hiyo hayakuisha. Mvulana akigawa sukari yake kwa haki, tulimwuliza yeye ni wa ngapi kwao. Mwingine akiificha sukari yake chini ya godoro, tulimwuliza swali lile lile. Jibu lo lote lilitufaa. Akisema ni wa kwanza, tulisema, "Ndiyo maana." Akisema ni wa mwisho, tulisema vile vile, "Ndiyo maana." Imani ambayo haiwezi kushindwa na jibu lo lote yastahili kutazamwa tena, na ndivyo nitakavyo kufanya katika kurasa hizi alizonipa Bwana Mhariri. Nina sababu yangu, nayo ni ya nyumbani kwetu. Nitaieleza nitakapoifikia.

Kwanza yanipasa kujitambulisha. Mimi ni Kigongo. Wasomaji wasiotoka Buganda huenda hawajui kwamba Kigongo ni mtoto aliyezaliwa kabla tu ya mapacha. Kwa hiyo mimi sikuzaliwa nikiwa Kigongo. Nilikaa duniani miaka miwili nikiitwa kwa jina langu la ukoo tu; ndipo mama akajifungua mapacha wa kiume, Wasswa na Kato, na siku ile ile baba akawa Ssalongo, mama akawa Nnalongo, na mimi, ambaye sikufanya kazi yo yote siku hiyo, nikawa Kigongo. Aliyewafuata mapacha alikuwa msichana, naye kwa desturi akaitwa Kizza. Juu yangu walikuwako dada yetu, aliye wa kwanza, na kaka, aliye wa pili. Jumla tulikuwa sita.

Majirani zetu nao wana hesabu zao. Kwa Warundi mapacha ni Bukuru na Butoyi. Tena wako watoto waliopewa jina la hesabu yenyewe: Nyandwi ni wa saba, Minani ni wa nane, Nyabenda ni wa tisa, na Bucumi ni wa kumi. Wasukuma wana Kulwa na Doto, na majina hayo yameenea Tanzania nzima. Basi sisi wa nchi hizi twabeba nambari zetu katika majina tangu hatujatambua mkono wa kulia na wa kushoto. Lakini angalieni jinsi nilivyoipata nambari yangu mimi. Sikuzaliwa nayo, nilipewa na wale walionifuata. Nawaomba wasomaji mlikumbuke jambo hilo, maana nitalitumia mbele.

Nambari hiyo haikupewa uzito ule ule kila mahali. Katika torati ya Musa kifungua mimba hupata sehemu mbili za urithi, na hata hivyo Biblia ile ile imejaa wadogo waliowapita wakubwa: Yakobo akamtangulia Esau, Yusufu wa kumi na mmoja akainamiwa na kaka zake, na Daudi, wa mwisho katika wana wanane wa Yese, akaitwa kutoka machungani ili atiwe mafuta. Kwetu Buganda mwana wa kwanza wa kiume wa Kabaka huitwa Kiweewa, na kwa desturi hatawali. Kazi yake ni kuwa mkubwa wa wana wa mfalme, si kuwa mfalme. Mwaka 1888, Mwanga alipoondolewa, Kiweewa alitawazwa kinyume cha desturi, na hakumaliza miezi mitatu kitini. Katika nyumba nyingine za kifalme duniani mtoto huyo huyo angelelewa tangu utotoni kwa ajili ya taji. Mtu akisema basi kwamba kifungua mimba ana roho ya kutawala kwa sababu ya kuzaliwa kwanza, yampasa atuambie roho hiyo ilijuaje kwamba imezaliwa katika nchi gani.

Tena iko shida ya kuhesabu. Nelson Mandela, aliyezaliwa mwaka 1918, alikuwa wa ngapi? Kwa baba yake, aliyekuwa na wake wanne, alikuwa wa mwisho kati ya wana wanne wa kiume. Kwa mama yake alikuwa kifungua mimba, na nyuma yake wasichana watatu. Mwenye kutafuta uongozi wa kifungua mimba ataupata kwake, na mwenye kutafuta ukaidi wa kitinda mimba ataupata pia. Katika shule yetu wako wengi wenye hesabu mbili namna hiyo, na sijamwona hata mmoja aliyekuwa watu wawili.

Wazungu nao wameyafikiri mambo haya. Mwaka 1874 Francis Galton alichapisha kitabu juu ya wataalamu wa sayansi wa Uingereza, akaonyesha kwamba miongoni mwao wana wa kwanza na wana wa pekee walikuwa wengi kuliko ilivyotazamiwa. Yeye mwenyewe alikuwa kitinda mimba wa nyumba yenye watoto tisa. Baadaye daktari mmoja wa Vienna, Alfred Adler, akafundisha kwamba kifungua mimba ni kama mfalme aliyeshushwa kitini siku mdogo wake alipozaliwa, na kwa hiyo hupenda sheria na mamlaka; wa pili ni kama mkimbiaji ambaye daima yuko mtu mbele yake, basi hujitahidi; na wa mwisho huharibiwa kwa kudekezwa. Adler alikuwa wa pili kwao. Msomaji akishajua hilo hashangai kuona wa pili ameandikiwa maneno mazuri. Mwaka 1996 Mmarekani Frank Sulloway alitoa kitabu kinene, akidai kwamba wazaliwa wa nyuma ndio wapinduao mawazo ya dunia, na mfano wake mkubwa ni Charles Darwin, aliyekuwa wa tano kati ya watoto sita.

Vitabu hivyo vyapendeza kusoma, lakini yako mambo mawili yawezayo kumdanganya mwenye kuhesabu. La kwanza ni hili. Chukueni nyumba 10. Nyumba tano zina watoto wawili wawili, na tano zina watoto sita sita. Watoto wote ni 40. Vifungua mimba ni 10, nusu yao wametoka katika nyumba ndogo; bali watoto wa tano na wa sita, ambao nao ni 10, wote wametoka katika nyumba kubwa. Sasa nyumba yenye watoto wawili huweza kulipa karo ya wote wawili, na nyumba yenye sita hushindwa njiani. Nendeni katika shule ya sekondari mkahesabu: mtawakuta vifungua mimba wengi kuliko watoto wa tano na wa sita. Mtu asiyefikiri atasema, "Tazama akili ya kifungua mimba!" kumbe alichokihesabu ni mfuko wa baba.

La pili ni umri. Mzazi huwatazama watoto wake wote siku moja, mezani pamoja. Wa kwanza ana miaka 15, wa mwisho ana miaka saba. Huyu amekaa kimya na kula polepole, yule amemwaga mchuzi. Mzazi husema kwamba wana tabia mbalimbali. Lakini ili kupima haki ingempasa amtazame wa mwisho leo, kisha arudi nyuma miaka minane amtazame wa kwanza akimwaga mchuzi ule ule.

Ndiyo sababu wachunguzi wa siku hizi wametafuta watu wengi sana na kuondoa mitego hiyo. Mwaka 1960 huko Marekani wanafunzi wa sekondari wapatao 377,000 walipimwa akili na tabia. Majibu yao yalipotazamwa upya na kutangazwa mwaka 2015, tofauti ya tabia baina ya wa kwanza na waliofuata ilikuwa ndogo hata isingeweza kuonekana kwa macho. Mwaka huo huo Wajerumani watatu walitoa hesabu ya watu zaidi ya 20,000 wa Marekani, Uingereza na Ujerumani. Walipima uchangamfu, utulivu wa moyo, upole, bidii na mengineyo. Katika karibu yote hawakuona kwamba nambari ya kuzaliwa yabadili cho chote. Ila katika majaribio ya akili wote waliona wa kwanza amemzidi wa pili kidogo, kwa alama moja au moja na nusu hivi. Ni jambo dogo. Katika jozi kumi za ndugu, karibu nne yule mdogo ndiye aliye mbele.

Nimetaja hizo haraka, kwa kuwa iliyonivuta zaidi ni habari ya Norwei. Huko vijana wa kiume walikuwa wakiitwa jeshini na kupimwa akili wakiwa na umri wa miaka 18 au 19. Mwaka 2007 Petter Kristensen na Tor Bjerkedal walitangaza walichokiona katika vijana zaidi ya 240,000. Wa kwanza aliwazidi wa pili kwa alama 2.3 hivi. Kisha wakafanya jambo la busara: wakawatenga wale waliozaliwa wa pili ambao mkubwa wao alikufa akiwa mtoto mchanga. Hao walizaliwa wa pili na tumbo la mama, lakini nyumbani walikua kama wa kwanza. Nao alama zao zilikuwa sawa na za vifungua mimba! Kwa hiyo tofauti hiyo ndogo haikutoka tumboni wala katika damu. Ilitoka nyumbani, katika nafasi ambayo mtoto alikuta imeachwa wazi akaingia.

Nilipoisoma habari hiyo nilikaa kimya, kwa sababu mimi niliwahi kuingizwa katika nafasi ya namna hiyo kwa kalamu ya mwalimu mkuu. Sasa nimefika kwenye habari ya nyumbani.

Mwaka 1997 serikali ya Uganda ilianzisha elimu ya msingi bila karo. Watoto wa siku hizi hawajui furaha ya mwaka ule. Sisi tuliozoea kurudishwa nyumbani kila mwezi kufuata karo tuliona kana kwamba mlango umeng'olewa. Lakini mwanzoni mpango ule ulikuwa na mpaka: watoto wanne wa kila nyumba, na ikiwa nyumba ina wasichana, wawili wawemo katika hao wanne. Baadaye mpaka ukaondolewa, watoto wote wakaingia. Ila mwanzoni ulikuwa wanne, nasi tulikuwa sita.

Basi jioni moja baba na mama walikaa na karatasi. Kaka alikuwa na miaka 13, amebakiza kidogo kumaliza darasa la saba. Huyo hakuweza kuachwa. Mapacha hawakuweza kutengwa, maana nani angemwandika Wasswa akamwacha Kato? Kizza alikuwa na miaka sita, ni msichana, na ndiye aliyekuwa akianza. Hao ni wanne. Tukabaki dada na mimi. Kwa habari yangu baba alipata shauri: baba mdogo, aliyekaa mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kwetu, alikuwa na watoto wawili tu, mmoja wa miaka mitatu na mmoja wa kunyonya. Ningeandikishwa shule ya kule, kwa jina lake. Hatukuwa peke yetu kufanya hivyo. Mwalimu mkuu wa kule alimtazama baba mdogo, kijana wa miaka 27 hivi, akanitazama mimi mwenye miaka kumi, akatabasamu, akaandika. Toka siku ile katika daftari la shule nikawa mtoto wa kwanza wa nyumba.

Ya daftari ni ya daftari, lakini ilinibidi pia kukaa kwa baba mdogo kuanzia Jumatatu hata Ijumaa. Na kule nilikuwa mkubwa kweli. Mama mdogo alikuwa akinyonyesha, kwa hiyo niliamka wa kwanza nikawasha moto. Yule wa miaka mitatu alinifuata kama mkia; nikijikwaa anajikwaa. Baba mdogo akitaka kununua mbuzi alinieleza bei, akaniuliza naona je. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza naona je. Baada ya muhula mmoja nilianza kukohoa kizee. Niliwakataza wale wadogo kuchezea maji, niliweka kalamu zangu katika mstari, na jirani mmoja alimwambia mama mdogo, "Huyu waona tu kwamba ni kifungua mimba."

Ijumaa jioni nilirudi kwetu. Nikifika tu kwenye migomba ya baba, yule mkubwa wa saa mbili zilizopita alikuwa amekwisha kuyeyuka. Dumu la maji lilimngoja kaka, moto ulimngoja dada, mapacha walikuwa wakilia, na mimi nilijilaza mkekani nisubiri kuitwa kula. Wala sikujilazimisha kuwa hivi kule na hivi huku. Ilikuwa kama vile mtu abadilishavyo lugha akivuka mto. Jumatatu asubuhi njiani nikawa mkubwa tena.

Mwaka 1998 mwanamke mmoja wa Marekani, Judith Rich Harris, aliandika kwamba tabia aliyojifunza mtoto mbele ya ndugu zake hubaki kule nyumbani, na akitoka nje hujifunza nyingine. Mimi nilikuwa nimeliona hilo mwaka mmoja kabla, ila sikuwa na mchapishaji. Mapacha wetu waliniongezea ushahidi. Wasswa alimtangulia Kato kwa muda usiotosha kuchemsha chai. Hata hivyo nyumbani, tangu walipoanza kutambaa, Wasswa aliambiwa, "Mwachie mdogo wako," naye Kato akajua mapema kwamba kulia kuna faida. Ungewaona nyumbani ungesema mmoja ni mzee wa kanisa na mwingine ni mtoto wa mfalme. Lakini shuleni mwalimu wao hakuweza kuwatambua nani ni nani. Hakumpa Wasswa heshima wala Kato huruma, akawaadhibu pamoja na kuwasifu pamoja. Na shuleni, mbele ya wenzao, hukuweza kuwatenganisha kwa tabia hata kidogo.

Sasa dada. Ndiye kifungua mimba wetu halisi. Lakini mgeni akija na kuuliza, "Mkubwa yu wapi?" aliyeitwa sebuleni kutoa salamu alikuwa kaka, kwa kuwa ni mwana wa kiume wa kwanza. Kaka alikaa kwenye kiti, akajibu maswali ya wazee, akakua na sauti ya amri na kifua mbele. Dada alikuwa jikoni akipika chakula cha mgeni yule. Nimefikiri sana juu ya jambo hili, na naona nyumba nyingi za kwetu zimefanya hivyo bila kujua: nafasi ya kifungua mimba imekatwa vipande viwili, heshima akapewa mvulana wa kwanza, kazi akapewa msichana wa kwanza. Kisha watu huja wakasema kwamba wanaume huzaliwa na uongozi na wanawake huzaliwa na subira.

Dada alimbeba kila mmoja wetu mgongoni ila kaka peke yake, na huyo naye nadhani alijaribu. Walipozaliwa mapacha alikuwa na miaka saba. Mama alimnyonyesha mmoja, dada akamtuliza wa pili. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma. Alirudi shuleni jioni, akachukua kaa la moto lililozimika, akaandika herufi sakafuni, nami nilizifuata kwa kidole kabla sijaingia darasa la kwanza. Wataalamu wengine wasema kwamba alama zile chache anazozidi mtoto wa kwanza labda hutokana na hilo: amfundishaye mdogo wake hujifunza mara mbili. Nakubali. Dada alikuwa hodari kutupita sote. Alishika nafasi ya pili au ya tatu katika darasa kila muhula aliolipiwa karo.

Mwaka 1995, akiwa darasa la sita, karo haikupatikana kwa watoto wote, na aliyetolewa ni yeye. Hakutolewa kwa kuwa hakupendwa. Alitolewa kwa sababu alikuwa mkubwa, na mkubwa huelewa. Miaka miwili baadaye, jioni ile ya karatasi, alikuwa na miaka 15. Mpango wenyewe wa serikali ulitaka wasichana wawili. Kwetu aliandikwa Kizza peke yake. Mama alitaja jina la dada mara moja. Baba akasema, "Ataketi vipi na watoto wa miaka kumi na mmoja?" Dada alikuwa akisonga ugali pale pale. Hakuinua kichwa. Akasema, "Mwandikeni Kigongo mahali po pote, asikae bure." Ndipo likapatikana shauri la baba mdogo.

Huko Norwei kuwa wa kwanza ni faida ndogo. Hapa kwetu si daima hivyo. Mwaka 2010 ilichapishwa habari ya uchunguzi wa nchi 12 za Afrika kusini ya Sahara, nayo ilionyesha kwamba katika nyumba zenye mali wa kwanza ndiye apataye elimu zaidi, bali katika nyumba maskini wa kwanza hupata pungufu na wadogo wake hupata zaidi. Sababu yaeleweka. Mtoto wa kwanza huikuta nyumba wakati wa umaskini wake mkubwa, na mikono yake ndiyo ya kwanza kufaa kwa kazi. Wa mwisho hukuta wakubwa wamekwisha kuanza kuchuma. Nafasi ni ile ile, wa kwanza, na katika nyumba hii yampeleka mtoto darasani na katika nyumba ile yamtoa. Mtu ye yote asiniambie tena kwamba katika nambari yenyewe mna siri.

Wako watakaosema kwamba ninalalamika juu ya wazazi wangu. La. Walikuwa na karatasi yenye mistari minne na watoto sita, na mtu ambaye hajawahi kuishika karatasi ya namna hiyo asiharakishe kuhukumu. Nisemalo ni kwamba tuliliita tabia jambo ambalo lilikuwa mpango wa nyumba. Tulimwita dada mpole. Tulisema, "Ndivyo alivyo," kama vile mtu asemavyo kwamba mlima uko pale. Tulimwita kaka kiongozi, hata alipoanza kuendesha boda boda na kuleta karo yangu ya sekondari, mimi nikaja shule hii. Na karo hiyo ni kweli aliileta, namshukuru. Lakini shamba la kahawa lililotulisha sote miaka ile lilipaliliwa na dada.

Mwaka jana nilikwenda kumtazama. Anakaa kwenye kituo kimoja cha biashara, ana cherehani mbili na msichana wa kumsaidia. Nilimsomea habari ya Wanorwei wale 240,000. Alisikiliza hata mwisho, huku akikata kitambaa, kisha akauliza, "Na hao wadogo walibebwa na nani?" Nikasema kwamba hilo halikuandikwa. Akacheka sana, akasema, "Basi bado hawajamaliza, Kigongo. Waambie warudi wakaulize."

Anao watoto wanne. Wa kwanza ni msichana, yuko sekondari, na kwa kweli ni mvivu wa kazi za nyumbani kama nilivyokuwa mimi mkekani kwa baba. Dada hamsemeshi kwa hilo zaidi ya wengine. Ukutani karibu na mlango wa jikoni amebandika karatasi yenye majina manne na siku za juma: moto, maji, vyombo, kufagia. Zamu zazunguka kila Jumapili, wala hazitazami nani alizaliwa lini, mvulana au msichana. Nilipokuwa pale zamu ya chai ilikuwa ya kitinda mimba, mvulana wa miaka minane. Alitia majani mengi mno. Tulikunywa.